Mama Gumzo na Kundi la Wasiolala

Saa tisa alasiri, pazia la buluu linapumua dirishani. Mama Gumzo anazungusha maji ya limau. Chai hapa ni marufuku. Watu kumi wamekaa duara, kope nzito, sauti za chini. Wote usingizi umewahama.

"Haya wapenzi, nani ana habari za jirani?"

Kicheko kinapita polepole, kama mtu anayetembea majini.

Zamani Mama Gumzo alikuwa msusi. Saluni yake ilijaa hata wasio na nywele za kusuka. Sasa ameajiriwa na watafiti wanaopima mbinu ya kurudisha usingizi kwa kubadili mazoea. Chumba cha pili kinafundishwa mbinu hiyo. Chake ni kundi la ulinganisho: saa ileile, uchangamfu uleule, mbinu hakuna. Washiriki walikubali tangu mwanzo kuangukia kundi lolote, bila kuambiwa lipi.

"Gumzo likipoa watahisi wamepewa makapi, wataondoka," husema wakiwa hawapo. "Daktari atalinganisha na nini, viti?"

Leo anayetaka kuondoka ni fundi cherehani, kidole kimefungwa bandeji.

"Mama, juzi nimesinzia kazini, sindano ikanipitia. Na hapa tunapiga soga tu. Wiki ijayo msinitarajie."

Mama Gumzo anaijua mbinu. Alionyeshwa ili asije akaitaja. Imemjaa mdomoni. Aliwahi kumlilia daktari anayeongoza utafiti, akajibiwa: "Ukiwaambia, hatutajua aliyewalaza ni mbinu au ni wewe."

Anameza.

"Pole, baba. Ulikuwa unashona nini?"

"Gauni la binti yangu. La harusi."

"Na umetuficha? Tupe, tangu kitambaa."

Fundi anasita, kisha anaanza. Hariri rangi ya maziwa, inateleza mezani, inashuka sakafuni, haiishi. Mikono yake inaifuata hewani. Mmoja anafumba macho, mwingine naye. Anapofika kwenye upindo, sauti ya fundi inakatika. Kidevu kimegusa kifua.

Hakuna anayemwamsha.

Jioni fundi anaokota kofia yake, akiona haya. "Sijamaliza mikono ya gauni."

"Wiki ijayo, basi."

"Wiki ijayo."

Utafiti ukiisha na mbinu ikithibitika, kundi hili nalo litafundishwa. Mama Gumzo ameshaomba awe mwalimu wao.

"Nitaanza na fundi," anasema, akikusanya bilauri. "Nitamwambia, baba, leo nyamaza wewe, niseme mimi."