Baba Alivyozikwa Ukumbini Kisarawe

Baba yangu alizikwa bila mtu hata mmoja wa kumcheka, na mama hakuisamehe mvua kwa hilo. Ilikuwa masika, barabara matope matupu, na watani wetu Wanyamwezi waliokuwa wakiishi Maili Moja walikwama njiani wakija kijijini kwetu Janga. Sisi Wazaramo tumezoea kwamba mtani huja msibani akaiga mwendo wa marehemu, akausema ubahili wake, akalala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku wanalia. Kwa baba tulilia tu. "Kazikwa kama mgeni," mama alikuwa akisema, na tangu siku hiyo sikumwona akicheka.

Mimi nilikuwa na wazimu wangu mwingine: mchekeshaji mmoja wa redio. Kila siku ya kipindi chake ilipofika nilisimama dirishani kwenye duka lenye redio ya betri mpaka mwenye duka akanichoka. Tuliposikia anakuja kwenye ukumbi wa Kisarawe, Jumamosi alasiri, niliapa kwenda hata kwa magoti. Mama alisema msichana ambaye hajaolewa haendi huko peke yake, akaja kunilinda. Tulipanda lori la mihogo, naye akanuna safari nzima. Nilijifanya sioni.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mchekeshaji alikuwa mfupi kuliko sauti yake, jambo lililoniudhi kidogo, lakini alipofungua mdomo nikasahau. Alimwiga karani, akamwiga mwalimu wa kwaya, watu wakashika mbavu. Nikamtazama mama. Uso ule ule.

Kisha yule bwana akasema, "Mimi Mnyamwezi! Wazaramo mpo? Leo nimekuja kuwasema!"

Mama akasimama. Nilimvuta kanga, akanipiga kofi mkononi bila hata kunitazama.

"Wee mtani!" akaita. "Una uso wa kuja hapa? Mume wangu kafa, hamkuja. Nimemzika kimya kama mtu asiye na watani. Haya, leo mzike!"

Watu wote wakageuka kututazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yule bwana akavua kofia, akashuka jukwaani mpaka mbele ya benchi letu, akasema kwa adabu, "Kosa letu, mama. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Bahili," mama akajibu palepale. "Alinunua mwavuli, akaapa hautalowa. Mvua ikinyesha anauficha ndani ya kanzu, analowa yeye."

Watu wakaanza kucheka. Mchekeshaji akaazima mwavuli wa mzee mmoja wa mstari wa mbele, akarudi jukwaani, akaukumbatia kama mtoto mchanga na kukimbia huku akiruka madimbwi.

"Siyo hivyo!" mama akafoka. "Baba yake huyu hakukimbia hata siku moja!"

Akapanda jukwaani, mama yangu, aliyekuja kunilinda! Akamnyang'anya mwavuli, akauingiza ndani ya kanga, akatembea taratibu, kidevu juu, akijipangusa uso kana kwamba mvua inamnyeshea mtu mwingine. Alikuwa baba mtupu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, wala sikujali tena nani ananitazama. Ukumbi mzima ulisimama ukimpigia makofi.

Mchekeshaji alipoona kazidiwa, akajilaza chali katikati ya jukwaa, akafumba macho. "Sizikwi mpaka nipikiwe ubwabwa!"

"Utaoza hapo hapo," mama akamwambia, kisha akaangua kicheko. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake. Kilikuwa kikubwa, cha kifuani, na kilimtikisa mpaka akalazimika kukaa chini, pale pale jukwaani, kando ya maiti wake.

Wakati wa kurudi mvua ilitukuta juu ya lori. Vijana waliokuwa ukumbini walimwamkia, "Shikamoo mama, umemweza yule!" Naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Nilijaa fahari, kana kwamba mimi ndiye niliyepanda jukwaani.

Tulipofika nyumbani hakubadili hata nguo. Alikwenda moja kwa moja chumbani, kwenye msumari ulipotundikwa mwavuli wa baba, akautoa mpaka uani na kuufungua kwenye mvua.

"Haya," akauambia, "lowa sasa. Mwenyewe kashazikwa."