Soksi ya Mguu wa Kushoto

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani, mtaa mzima ukimwita Mkasi. Ukipita barazani kwake ulimsikia kabla hujamwona, maana cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa miguu, haikunyamaza ila wakati wa sala.

Kisukari kilipouharibu mguu wa kulia, daktari aliukata chini ya goti. Kaka alirudi nyumbani kwa magongo. Nilipoinama kumvua kile kiatu kimoja, machozi yakanitoka.

"Usilie, mdogo wangu. Nitafutie mwenzangu aliyekatwa wa kushoto, tuwe tunanunua viatu kwa ubia."

Tulicheka. Kicheko kikaisha siku aliyorudi kazini.

Gurudumu la cherehani ile lazima lizunguke kumjia fundi. Likirudi nyuma, uzi unakatika. Mguu wa kulia ulilijua hilo kama mkono unavyoijua njia ya kinywa. Wa kushoto ulikuwa abiria tu. Akikanyaga, uzi unakatika. Anatunga upya, unakatika. Na yeye ndiye aliyezoea kuwagombeza wanafunzi kwa kosa hilo hilo.

"Mkasi, leo unashona au unafumua?" alimtania muuza ndoo, jirani yetu wa barazani.

"Nashona kurudi jana," akamjibu, akatunga uzi upya.

Nyumbani aligeukia ukuta. Chakula hagusi, wageni hataki. "Mtu asiye na kazi ni mzigo," aliniambia, "na mzigo hutuliwa."

Niliogopa. Nikafunga na kusali. Sikumwomba Mungu mguu. Mguu ulikwisha kuzikwa. Nilimwomba kazi. Nilisema, "Ee Mwenyezi, nisikie tena cherehani ya kaka yangu."

Akanisikia. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya baraza yake nikiosha vyombo, cherehani ikalia, ikaendelea kulia. Nilikimbia na povu mikononi. Alikuwa ameufunga mguu kwenye kibao cha kukanyagia kwa ukanda wa kitambaa, akaukaza sana, kisigino na vidole visiteleze.

"Ukanda haukubani, kaka?"

"Nabanwa na wateja," akasema, akacheka kama zamani.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakanigeukia.

Wateja walirudi. Yeye akaanza kuvaa soksi, jua kali namna ile, na soksi hiyo hakuniruhusu niifue. Nilidhani ni aibu ya mtu mzima. Hata muuza ndoo alipouliza, "Dada, mbona nzi wa machinjioni wamehamia kwa kaka yako?" nilicheka kwanza. Kisha nikainama chini ya cherehani, nikafungua ukanda na kuvuta soksi. Ilitoka na ngozi.

"Kaka! Tangu lini?"

"Hauumi. Kisukari hakikuniachia hata maumivu."

"Twende hospitali sasa hivi."

Akashika ukingo wa cherehani kwa mikono miwili. "Wakiukata na huu, nitakanyaga kwa nini? Kwa kidevu? Niache, mdogo wangu. Niache nife nikiwa fundi."

Nilimsihi, nikamletea na kiongozi wetu wa ibada. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akaufunga ukanda upya. Homa ilipomwangusha juu ya shati la mtu, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado, ndipo mimi na muuza ndoo tulipombeba. Daktari alisema sumu imeingia kwenye damu, kukata hakutasaidia tena. Kaka akafa na mguu wake.

Watu wa ibada wananiambia Mungu hakosei, nami naamini. Lakini niliomba kazi, akatoa kazi, na kazi ikamla. Cherehani iko chumbani kwangu, ukanda ungali umefungwa kwenye kibao. Sijathubutu kuufungua. Kila alfajiri napiga magoti kando yake, nasema, "Ee Mwenyezi," kisha nanyamaza. Naogopa kuomba kitu, asije akanisikia.