Masikio ya Kuazima

Mume wangu Kiplangat ana kinu cha kusaga mahindi hapa Rongai, na mashine hiyo imemla masikio. Ukimwita kutoka jikoni, utaita hadi ugali upoe. Lakini kwa muziki humwambii kitu! Mtu asiyesikia mlango ukibishwa ndiye mwenye spika zinazonifika kiunoni, ampu ya mitumba, na CD za kwaya zilizofukuza vyombo vyangu kabatini. Nimemnunia sana kwa sababu ya hizo spika.

Desemba ile ya 2007, kura zikiwa zimekaribia, alirudi kutoka Nakuru na visanduku viwili alivyoazimwa na Hardeep, mwenye duka la vifaa vya muziki. Alisema vinaitwa DAC. CD imebeba nambari tupu, alinieleza, na kisanduku ndicho kinachozigeuza kuwa sauti. Kikiwa kibovu, hata spika nzuri haitaokoa kitu. Kimoja kilikuwa kizito, cha Kijapani. Kingine kilikuwa kidogo kama kopo la majani chai. Alitakiwa achague kimoja, kingine akirudishe.

Kwa masikio yale, angechagua vipi? Akamwita Kinyanjui, kama kawaida. Kinyanjui ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mume wa Wamaitha, mwalimu wa kwaya kanisani, mtu anayesikia mwimbaji amepotea kabla mwimbaji mwenyewe hajajua. Desturi yao ilikuwa moja miaka yote: Kinyanjui anakaa kitini, macho yamefungwa kwa leso yangu ili asidanganywe na ukubwa wa kifaa wala jina lake, halafu Kiplangat anasimama nyuma yake na kubadilisha waya.

Ila safari hii palikuwa na jambo jingine. Jumanne wanaume walikutana kwenye josho la ng'ombe, na Kiplangat akarudi asiweze kula. Walikuwa wamekubaliana kwamba matokeo yakitangazwa, yawe yawavyo, nyumba za ng'ambo, za watu wa kabila la Kinyanjui, zichomwe. Atakayefungua mdomo, walisema wakimtazama yeye, kinu chake kitatangulia kuungua.

"Mwambie," nilimsihi.

"Nitamwambia Jumapili, akikuja kusikiza."

Jumapili Kinyanjui akaja. Nilileta chai kwenye sinia, nikabaki mlangoni nikingoja aseme. Na mume wangu, badala ya kusema, akashika waya, akauachilia, akaushika tena. Akaeleza habari za Hardeep. Akaeleza habari za mvua. Nilitamani kumpiga na ile sinia.

"Haya, tuanze," akasema hatimaye, akimpa leso.

Kinyanjui aliipokea lakini hakuifunga. "Leo nitasikiza hivi tu, boss."

"Sasa si utaona ni gani inaplay? Haitakuwa fair."

"Wacha isikuwe fair." Alivuta kiti hadi mgongo wake ukagusa ukuta. "Siku hizi sitaki mtu asimame nyuma yangu. Hata wewe, Kiplangat. Pole."

Kwaya ilikuwa inaimba kwenye spika, vizuri sana, na hakuna aliyekuwa akiisikiliza. Kiplangat akaweka waya chini.

"Toa Wamaitha na watoto," akasema. "Msingoje matokeo. Endeni leo."

"Nani amesema?"

"Watu wetu. Kwa josho."

"Lini?"

"Tuesday."

Kinyanjui akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilimwona akizipitia siku moja moja, nikaona aibu mimi mwenyewe.

"Jana nimesaga mahindi ya Krismasi kwako," akasema. "Gunia mzima. Ukanisaidia kubeba mpaka kwangu. Ukasalimia watoto."

Kinyanjui aliikunja leso yangu, akaiweka juu ya kiti na kunishukuru kwa chai ambayo hakuwa ameionja. Mume wangu alinyoosha mkono wa kuagana. Kinyanjui akapita kando yake, akatoka.

Kabla giza halijaingia, alikuwa ameipakia familia kwenye pikapu ya kanisa na kuondoka. Tulitazama dirishani hadi ikapotea upande wa Nakuru. Kisha wanaume wawili wa josho wakaja, wakasimama mbele ya nyumba ya Kinyanjui, wakaishika kufuli wakiipima mkononi. Wakaongea kidogo. Halafu wakageuka na kutazama kwetu.

Kiplangat akazima ampu. Akaniambia nikamwite binti yetu Cheptanui aingie ndani.