Vyoo Viwili, Karo Moja

Tulipojenga Mwankoko, mume wangu aliweka vyoo viwili vya ndani: kimoja chumbani kwetu, kingine kwa ajili ya baba yake. Kwao Kinyangiri baba mkwe na mke wa mwanawe hawachangii choo, na mimi heshima hiyo naipenda. Kwa hiyo mzee alipovunjika nyonga akaletwa kwetu, nilijua upande huo hatuna shida. Kumbe tulijidanganya.

Mzee amefuga maisha yake yote, hakuna kitu kinachompita. Alizunguka nyumba na mkongojo, akazifuata chemba za maji taka moja moja kwa macho, akaona mabomba yote mawili yanaishia kwenye karo moja la maji taka nyuma ya nyumba; kwake huko nako kulikuwa kuchangia choo. Tangu hapo akawa anachechemea hadi kwenye vichaka nje ya uzio. Siku moja akaanguka huko. Jirani alipomwinua, mzee akatangaza kwamba anarudi Kinyangiri, kwenye nyumba aliyokuwa akiishi peke yake tangu mkewe afariki.

Nilikasirika mpaka nikaunguza mboga. Mzee huyu ndiye aliyenitetea wakati nimekaa bila mtoto, ndugu zake wote wakitaka nirudishwe kwetu. Nikamwambia mume wangu, "Fungua hilo karo alione mwenyewe. Akiondoka, atatufia huko."

Walifungua mchana. Mimi nilisimama mbali, kwenye kamba ya nguo, kama inavyonipasa, ila shingo niliirefusha. Nilitarajia kuona aibu zetu zote zimelundikana. Mume wangu akamulika kwa simu. Juu palikuwa na utando mzito, umekauka kama tope la mbugani. Akamweleza baba yake kwamba vizito vinazama, mafuta yanaelea, na vijidudu visivyohitaji hewa vinakula humo bila kupumzika. Maji ya katikati yanapita bombani kwenda chumba cha pili, kisha kwenye shimo la mawe, na ardhi inayanywa huku ikiyachuja. Akafunua na chumba cha pili. Maji ya kijivu, yametulia kabisa.

Nilishangaa. Siku zote hizo nimepiga deki, nimepika, nimelala, na hatua chache kutoka mlangoni umati usiohesabika unafanya kazi ambayo hakuna aliyeutuma. Hauna kelele, wala haudai shukrani. Nilijiona mdogo. Nilitaka kushukuru, nikakosa wa kumshukuru ila Mungu.

Mzee aliegemea mkongojo, akachungulia humo.

"Hili ni tumbo la ng'ombe," akasema.

"Ndiyo, baba," mume wangu akajibu.

"Ukishamchinja, ukalipasua tumbo, utajua yapi ni majani ya bondeni na yapi ya mlimani?"

"Hapana, baba."

"Basi humu hamna changu wala cha mkwe wangu. Funika, liache lifanye kazi."

Alasiri nilikuwa nachambua choroko jikoni nikasikia mlango wa choo chake ukifungwa, halafu maji yakivutwa kwa kishindo. Niliacha choroko zikamwagika. Baadaye tukapishana ukumbini, akanisemesha huku uso ameuelekeza ukutani, kwa adabu yake ileile:

"Mkwe, mwanangu akienda Kinyangiri, aniletee kigoda changu."

Mgeni wa kupita haagizi kigoda. Nikaitikia, "Ndiyo, baba," nikarudi jikoni kulia.