Taa Nyekundu Haizimi

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinipa mswaki mkuukuu, kikopo cha spiriti na sanduku la betri, akaniambia nizisugue vichwa mpaka ving'ae. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha kwanza, na mtu aliyeachia hapo huogopa kuuliza, asije akaulizwa yeye. Ilikuwa Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati swala bado walipita nyuma ya karakana yetu wakielekea majini. Nilisugua kutwa nzima. Jioni Fundi Mkuu alichukua betri moja, akaipima kwa mita, akaitupa kwenye pipa. Zote zilikuwa zimekufa tangu asubuhi. Alitaka tu kuona kama nitachoka.

Karakana ilitengeneza vyombo vidogo vya jikoni visivyo na waya: mashine za kupiga mayai, visu vya kukatia mkate, blenda za mkono. Msomaji kijana atacheka akifikiri kwamba Kitengela ya siku zile ilikuwa na wenye vitu kama hivyo. Walikuwepo. Kulikuwa na mameneja wa mashamba ya maua, watu waliorudi kutoka ng'ambo na masanduku yao, na zaidi ya wote kambi za watalii, ambazo ziliwapikia wageni kiamsha kinywa huko porini pasipo na soketi.

Nilikuwa na sababu moja ya kuishika kazi ile kwa meno. Baba na mama walifariki katika mwaka mmoja. Nyuma yangu walibaki Musyoka, aliyekuwa darasa la sita, na Ndunge, darasa la tatu. Mjomba wetu alikuwa akilima vitunguu Kimana, na baada ya mazishi ya mama alituambia alivyopanga. Musyoka angekwenda naye shambani kufungulia maji mifereji. Ndunge angekwenda Magadi kumlelea shangazi watoto. Mimi nilikuwa mkubwa, ningejitafutia. Nikamwambia nina kazi, wiki moja kabla sijaipata.

"Sawa," alisema. "Lakini siku utakosa kazi, nitapitia hapa na lori niwachukue."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shamba lililohitaji mikono, na sisi tulikuwa na mikono.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa wanaoijua wamebaki wachache. Betri zetu zilikuwa za nikeli na kadmiamu. Kila seli, yaani kila kijibetri kimoja ndani ya mashine, ilikuwa nene kama kidole gumba, na seli tatu ziliunganishwa kwa vibati vilivyolehemiwa kwa cheche. Betri za aina hiyo zilikuwa na maradhi mawili. La kwanza ni mazoea. Ukiitumia kidogo ukairudisha kwenye chaja, kesho vilevile na keshokutwa vilevile, inazoea hicho kidogo, na siku unapotaka zaidi inakukatalia. La pili ni joto. Betri iliyojaa ikizidi kuchajiwa, moto wa stima unaoingia hauna pa kukaa. Unageuka joto, na joto linakausha maji yaliyomo ndani.

Kwa hiyo utaratibu ulikuwa huu. Unaitumia mpaka uone mashine inazunguka kwa uchovu, kisha unaacha hapo hapo. Huilazimishi mpaka isimame kabisa, kwa sababu seli iliyo dhaifu itageuzwa kichwa chini na wenzake, chanya iwe hasi, na haitapona. Unaichaji saa kumi na nne kwa kutazama saa ya ukutani. Unaitoa. Unaiacha ipoe. Basi.

Na chaja za siku zile hazikuwa na akili. Taa yake nyekundu ilikuambia jambo moja tu, kwamba stima inafika. Iliwaka betri ikiwa na njaa, iliwaka betri ikijaa, iliwaka betri ikichemka. Taa nyekundu haizimi. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko jina langu.

Juu ya Fundi Mkuu alikuwepo Mkurugenzi. Tulikuwa wafanyakazi watano, lakini cheo hicho kiliandikwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu. Mwaka wangu wa tatu alinipa kazi ya kuandika karatasi za maelekezo za kufungashwa pamoja na kila mashine, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Niliandika kwa herufi kubwa: USITOE BETRI KABLA HAIJAJAA. Nilijivunia sentensi hiyo. Nilimsomea Ndunge nyumbani.

Baada ya miezi minne, kambi moja ya karibu na Kimana ilirudisha mashine nane tulizozitia betri mpya. Zote zilikuwa zimekufa. Mkurugenzi alizipanga mezani kwake, akaniita.

"Hizi ni za mkono wa nani?"

"Ni zangu."

"Enda Kimana uangalie. Kama ni kulehemu kwako, ukirudi hapa unakuja kuchukua sweta yako tu."

Nilifika Kimana siku ya soko. Lori la Mjomba lilikuwa pale, linapakiwa vitunguu, naye amesimama juu ya magunia akihesabu kwa sauti. Nilipita upande wa pili wa barabara nikiwa nimejifunika leso kichwani.

Kambini nilipokewa na Mpishi Mkuu, mtu mzima wa kwetu Ukambani, mpole, mwenye aproni nyeupe kuliko shuka za hospitali. Walikuwa na mashine nyingine sita zilizobaki. Chaja zake zilikuwa zimepangwa kwenye rafu juu ya jiko la kuokea, taa sita nyekundu zimejipanga kama macho ya fisi. Niligusa betri moja. Ilikuwa na joto la chapati inayotoka kwenye kikaango.

"Zinakaa hapa tangu lini?"

"Tangu mtuletee. Tukienda kupikia wageni huko nje tunazitoa, tukirudi tunazirudisha."

"Na mnajuaje kama zimejaa?"

Akapumua, kama mtu aliyengoja siku nyingi aulizwe.

"Hapo sasa ndio shida, madam. Hizi betri zenu hazijai. Taa haijazima hata siku moja. Na karatasi imesema tusitoe kabla ijae, kwa hivyo sisi tunangoja tu."

Alinyoosha kidole ukutani. Karatasi yangu ilikuwa pale, imefunikwa plastiki isipate mafuta. Niliisoma kuanzia juu mpaka chini kama naiona mara ya kwanza. Haikutaja taa popote. Haikutaja saa kumi na nne. Mimi nilijua, Fundi Mkuu alijua, na sikuwaza kwamba kuna mtu duniani asiyejua.

"Ni nani aliandika hii?" aliuliza.

Nikasema ni mimi.

"Mwandiko mzuri," alisema.

Sijawahi kukasirika kama siku ile, na sikujua nimkasirikie nani. Nilimkasirikia yeye kwa ile rafu juu ya jiko. Niliwakasirikia waliotengeneza chaja, wakatia taa isiyosema kitu. Kisha nikarudi kwenye karatasi, na hasira ikakaa hapo. Meneja wa Kambi alikuja akasema anataka jambo moja kwa maandishi, kosa ni la karakana au la jikoni. Kama ni la jikoni, mpishi angeondoka mwisho wa mwezi. Mpishi alisikia. Aliendelea kumenya viazi.

Ingekuwa rahisi. Rafu ilikuwa yake na joto lilikuwa lake, na nisingesema uongo, ila ningesema nusu. Na lori la Mjomba lilikuwa pale sokoni, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Niliketi kwenye kiti cha jikoni nikaandika: "Betri zimekufa kwa joto na kwa kuchajiwa bila kikomo. Rafu ihamishwe. Mpishi alifuata karatasi kama ilivyoandikwa. Karatasi ni yangu, na ina kosa." Nikaweka sahihi. Nakala moja nikampa Meneja, nyingine nikaipeleka Kitengela.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili. Fundi Mkuu alikuwa ameshazifungua zile nane za kwanza, akasema, bila kuulizwa, kwamba kulehemu kwangu hakukuwa na doa.

"Ungesema tu ni mpishi," Mkurugenzi aliniambia.

"Rafu ni yake. Karatasi ni yangu."

Mimi nilikuwa nikiwaza sweta yangu iko wapi.

"Sikufukuzi. Lakini mezani hukai tena. Unaenda tawi la Kajiado, kaunta. Umeshindwa kuandika, sasa utasema kwa mdomo, mtu kwa mtu, mpaka waelewe."

Nadhani aliona ni adhabu ya miezi michache. Sijui kama aliwahi kukutana na watu.

Tulihamia Kajiado wote watatu, chumba kimoja nyuma ya duka. Musyoka na Ndunge waliingia shule ya karibu. Mjomba alituma salamu kwamba amesikia nimepandishwa cheo. Sikumsahihisha.

Nilikaa kwenye kaunta ile miaka kumi na mitano, na kila siku ya kazi nilisema maneno yale yale. Mwalimu mmoja wa hesabu alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza, "Sasa ikizima ndio natoa?" Mama mmoja alirudisha blenda akasema taa yake imeharibika kwa sababu inawaka tu. Mwingine alijua saa kumi na nne, lakini hakuwa na saa ya kutazama, akapima kwa kwaya, Jumapili mpaka Jumapili, wiki nzima. Mara moja nilitumwa Magadi kwenye nyumba ya wageni ambako betri zilikuwa zikifa kila mwezi. Nilimweleza Msimamizi kwamba joto la kule ndilo adui, azihifadhi mahali baridi. Niliporudi baada ya miezi miwili nilizikuta kwenye friza, katikati ya samaki, zimeganda. Alikuwa akizitoa humo na kuzitia moja kwa moja kwenye chaja. "Ulisema baridi," aliniambia, na nilikuwa nimesema.

Mtu mmoja tu alinielewa mara ya kwanza. Alikuwa Mama Naserian, mfugaji, aliyepikia harusi kuanzia Kajiado mpaka Bissil, na alikuwa na kisu cha betri cha kukatia keki. Nilipomaliza hotuba yangu alikigeuza kisu mkononi.

"Kwa hivyo ni kama ndama," alisema.

"Ndama namna gani, yeyo?" nilimuuliza, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Ndama hajui kuacha. Ukimwachia mama yake kutwa, atanyonya mpaka aharishe, afe. Kwa hivyo wewe ndio unajua saa. Ikifika unamfunga kando, hata akilia."

"Na taa?"

"Taa ni kulia tu. Mimi sisikilizi ndama akilia."

Kuanzia siku hiyo niliacha habari za kadmiamu. Nilisema habari za ndama, na katika mji ule wa mnada wa ng'ombe watu wakaanza kuelewa. Iliniuma kwamba nilihangaika miaka minne kabla ya mtu kunifunza kazi yangu kwa maneno machache.

Walipoelewa, betri zikabadilika. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Kuelekea katikati ya miaka ya elfu mbili zilianza kuingia za lithiamu, nyepesi, na chaja zake zina akili. Zikijaa zinajifunga zenyewe na taa inazima. Tena betri hizo hazina mazoea. Hazitaki kumalizwa, zinapenda kulishwa kidogo kidogo, na ukiziacha na njaa muda mrefu zinakataa kuamka. Kila nilichofundisha kikageuka sumu. Meneja wa Tawi, kijana mwenye diploma, aliniletea mashine kumi zilizokufa kwa njaa, akaniuliza ni nani aliyewaambia wateja wazitumie mpaka zichoke. Nilimwambia anayemtafuta amesimama mbele yake.

Nikaanza upya, mtu kwa mtu. Mama Naserian alileta kisu kipya kimekufa. Alikuwa amekifunga kando wiki nyingi, kwa uaminifu.

"Huyu ni ndama mwingine, yeyo," nilimwambia. "Huyu anajua kuacha titi mwenyewe."

Akanitazama kwa huruma.

"Ndama kama huyo hakuna," alisema.

Baadaye mashine zikaja zimegandishwa kwa gundi, hazifunguki, na ikawa nafuu kununua nyingine. Tawi likafungwa. Mimi nikaendelea na meza ndogo yangu mwenyewe mpaka macho yakakataa vibati vidogo, nikastaafu bila hotuba. Vijana huniuliza kama najuta kuondolewa kwenye meza ya ufundi nikiwa bado na mikono mizuri. Najuta. Lehemu yangu ilikuwa safi. Lakini kaunta ndiyo iliyotuweka chumba kimoja mpaka Ndunge akawa mwalimu. Musyoka yuko Kimana analima vitunguu, kwa hiari yake, baada ya kumaliza shule. Mjomba aliishi mpaka akaliona shamba hilo, akasema alijua tu.

Krismasi iliyopita tulikutana kwa Ndunge, Kitengela. Alikuwa na mashine mpya ya kupiga mayai, ipo kwenye chaja, na Musyoka alipopita jikoni akanyoosha mkono kuichomoa.

"Taa nyekundu haizimi," alisema, kama mtu anayesema amina. Alikulia kwenye maneno hayo.

"Hiyo iache," nilimwambia. "Hiyo inazima."

Ndunge aliweka mwiko chini. Tukasimama watatu mbele ya kijitaa kile, sufuria inachemka nyuma yetu, hakuna anayeamini, pengine hata mimi. Ilichukua muda. Kisha ikazima.

"Imeharibika?" Ndunge aliuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Imeshiba."