Lenzi Isiyovuta

Baba alitaka picha ya kutangulizwa mbele ya jeneza lake, na aliitaka kabla ya saa nne asubuhi, wakati gari la jirani lingekuja kumpeleka hospitali akapasuliwe tumbo.

"Sitaki mnipanulie ya kitambulisho," alisema. "Kwa kitambulisho nakaa kama mwizi."

Hapo aliniweza. Mimi ni mpiga picha, nina duka mjini Kabati, na wafiwa wengi huniletea kitambulisho cha marehemu tu. Nimepanua nyuso nyingi za namna hiyo bila kutetemeka. Lakini asubuhi ile, nyumbani kwetu Kanyangi, nilishindwa hata kufungua zipu ya mkoba.

Mkobani mlikuwa na lenzi mbili. Moja ni zumu, ambayo huuvuta uso ukaja karibu nami nimesimama zangu mbali. Ya pili ni fifti, isiyovuta kitu. Ukitaka uso ujae, tembea mwenyewe. Nilichukua zumu. Nilijidanganya kwamba mgonjwa hapendi kusumbuliwa, kumbe niliogopa kumkaribia nikasikia anavyohema.

Baba alikuwa amekaa kitini. Nikasimama mlangoni, nikavuta. Sebule yetu ina dirisha moja dogo, na zumu yangu ni ya bei ya chini, haiwezani na giza. Picha ikatoka na chenga, mashavu yake kama yamemwagiwa mchanga. Nikapiga nyingine. Vilevile.

"Mwaitu, mbona unasimama huko kama mgeni?" Nimepewa jina la mamake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita mwaitu, yaani mama. "Kuja hapa karibu, bwana."

Nikabadilisha lenzi. Nikapiga hatua moja, uso bado mdogo. Ya pili. Ya tatu, hadi magoti yangu yakagusa yake. Nikamsikia akihema. Kisha, kupitia kamera, nikaona jambo ambalo nisingeliona kutoka mlangoni: kidevu chake kilikuwa kinacheza. Baba huyuhuyu, mzee wa kanisa, aliyekuwa akitucheka utotoni tulipojificha radi chini ya meza.

"Mwaitu," akasema polepole, "naogopa."

Nikaiweka kamera sakafuni, nikamshika mikono yote miwili. Yangu ilikuwa baridi kuliko yake. Hatukuomba. Tulikaa hivyo mpaka honi ikalia nje, na picha aliyoitaka haikupigwa.

Alipasuliwa, akarudi, na siku hizi analalamika kwamba chakula hakina chumvi. Picha yake bado anaiulizia. Kila mara namwambia fifti iko kwa fundi. Iko hapa mezani, nzima kabisa. Naogopa kwamba akishaipata picha hiyo, hatakuwa na kitu kingine cha kungoja.