Nguo za Baba Juani

Baba yangu mie namjua kwa harufu ya naftalini. Alipokwenda vitani Bama na wenzake wa Keya, jeshi la Mwingereza, nilikuwa bado tumboni, na kilichorudi ni sanduku. Jeshi lilileta sanduku hilo pamoja na maneno kwamba mwenyewe hajulikani alipo. Hawakusema amekufa. Bibi, mama yake mzazi, akayashika maneno hayo kwa mikono miwili na hakuyaachia tena.

Tulikaa Temeke, sie watatu, bibi, mama na mie, katika nyumba ya udongo aliyoijenga babu alipotoka kusini. Enzi hizo Temeke ilikuwa mikorosho na mihogo, na njia ya mchanga ambayo mchana ukiikanyaga peku utaruka mpaka ufike kivulini. Kila mwaka, masika yakishakatika na jua likatulia, bibi alitangaza siku ya kuanika. Alifagia ua mara mbili, akatandika mikeka, ndipo akafungua sanduku.

Lilitoka kwanza koti kubwa la kijeshi, zito, ambalo sijui kwa joto la Temeke angelivaa nani. Zikafuata kaptula na mashati, blanketi, kofia pana yenye ukingo uliokunjwa upande mmoja, chupa ya maji, na kikombe cha enameli kilichobanduka mdomoni. Chini kabisa zilikaa karatasi za ukoo: stakabadhi za kodi za babu, cheti cha baba cha kazi ya bandarini, na picha yake moja, amesimama studio mbele ya kitambaa kilichochorwa bustani. Palikuwa pia na kisahani cha bati chenye namba, ambacho babu alivishwa shingoni alipobebeshwa mizigo katika vita ile ya mwanzo, ya Mjerumani na Mwingereza. Vitu vingine vya babu viligawiwa siku ya arobaini yake, kama inavyofanywa, kanzu kwa huyu, jembe kwa yule. Vya baba havikugawiwa. Nguo hugawiwa za maiti, na bibi alisema yeye hajazika mtu.

Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Kazi yenyewe nilikuwa naifanya nimelala. Nilijinyoosha mkekani kando ya koti, jua linanipiga mgongoni, naftalini inanipanda puani mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Upepo ukiingia kwenye mkono wa shati uliujaza, ukaulegeza, ukaujaza tena, na mie kwa jicho moja lililobaki wazi nilikuwa namwona baba akijigeuza usingizini. Wala sikuogopa. Nilimsimulia habari za chuoni, nani kachapwa, nani kahitimu juzuu. Sauti yake sikuijua, kwa hiyo nilimwazimia sauti ya muuza kahawa wa mtaani kwetu, iliyokuwa nzito na ya taratibu, na kwa sauti hiyo alinijibu kila nilichouliza. Nikiamka nilikuta kuku wamelala na wao, mmoja juu ya blanketi.

Mama siku hiyo alikuwa hakai nyumbani. Alichukua ndoo akaenda bombani, akarudi, akaenda tena, mpaka mitungi yote ikafurika na majirani wakaanza kumtania kwamba kwao leo kuna harusi.

Nilijua kwa nini. Palikuwa na seremala mmoja Buguruni, mtu wa kusini kama sie, mpole, aliyetaka kumwoa mama. Kadhi alishasema muda umepita, mama anaweza kukaa eda kisha akaolewa. Lakini mama atakaaje eda ndani ya nyumba ambayo mkwe wake bado anampigia mumewe pasi mashati? Hakuwa mke, hakuwa mjane. Na mwaka huo ndugu wa seremala walikuwa wamechoka kungoja. Walimwambia mama kwamba mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla ya jibu, watamposea ndugu yao kwingine. Niliyasikia hayo mama akimnong'oneza jirani, halafu akawa anachambua mchele uliokwisha chambuliwa.

Niseme kweli, seremala yule sikumtaka hata kumsikia. Mie nilikuwa na baba, tena nilimwona kila mwaka. Mtu mwenye baba yake ataletewa baba mwingine wa nini?

Basi siku ya kuanika ya mwaka huo, bibi kashamaliza kupanga vitu, mama yuko bombani, tukasikia hodi. Akaingia karani mmoja wa bara, kaptula nyeupe, soksi ndefu, viatu vyote vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila mkeka usiukanyage."

Akaketi kwenye kigoda akaeleza kilichomleta. Alitumwa na nyumba ya makumbusho kule mjini. Walikuwa wanakusanya vitu vya vita zote mbili, nguo, picha, karatasi za watu, viwekwe ndani ya kabati za kioo ili wajukuu waje wavione. Mtaani ameambiwa kwa bibi huyu viko vingi. Bibi akafurahi mpaka akasahau kuficha furaha yake. Akamwonyesha kimoja kimoja, na karani akavipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Alipofika kwenye koti akalinusa, akakunja uso.

"Limefuliwa hili?"

"Kila mwaka. Kwa sabuni ya mche. Mashati natia na buluu."

Karani akashika kichwa. Akasema kwa upole kwamba wao hupenda vitu vibaki vilivyo, na matope yake ya Bama, na jasho lake. "Ukifua, bibi, habari zote zinaondoka na maji."

"Sasa wewe mwanangu," bibi akasema, "mtu katoka safari ndefu namna hiyo, amefika nyumbani kachoka, umpe nguo chafu avae?"

Karani akacheka. Kisha akaona bibi hacheki, naye akaacha. Akatoa kadi mfukoni na kalamu, akainamia goti lake.

"Hapa naandika jina la mwenye vitu," akasema, "na kama yu hai au ni marehemu. Kama yu hai itabidi ruhusa aitoe mwenyewe."

"Andika yuko safarini."

"Hilo halina mahali pa kuliandika, bibi. Ni moja katika hayo mawili."

Hapo mama akatokea mlangoni na ndoo kichwani. Alikuwa ameyasikia, maana alisimama palepale, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Maji yakawa yanamdondokea begani na hakuyafuta. Bibi akainua macho akamtazama. Nadhani kwa miaka yote ile alikuwa akimwona tu akipita, hajamtazama. Alimtazama kama mtu anayemsoma mgeni, kuanzia miguuni, taratibu, mpaka penye mvi zilizoanza kumtoka juu ya sikio. Mie nikasikia kuku akiparua upande wa pili wa ukuta.

Bibi akanyoosha mkono, akalichukua koti mapajani mwa karani.

"Nisamehe, mwanangu, nimekusumbua bure," akasema. "Hivi huwezi kuondoka navyo. Nguo za marehemu zina wenyewe. Hugawiwa nduguze."

Nilidhani naota. Karani hakuota. Alivua kofia, akasimama, akasema, "Poleni sana," akatoka kinyumenyume. Mama akaitua ndoo, akakaa chini mchangani, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Bibi akajisogeza akakaa naye. Majirani wakaja mbio na khanga mikononi, wakidhani kafa mtu asubuhi ile.

Tukakaa matanga bila kaburi. Watu ambao hawakumtaja baba mbele yangu hata mara moja walinishika kichwa wakaniambia pole. Kisha nguo zikagawiwa. Kwa miezi mingi nilikuwa nakutana na baba vipandevipande. Kaptula yake ilinipita ikienda sokoni. Koti lilikaa kibarazani usiku na mlinzi wa ghala. Kofia niliifuata mpaka nikapotea njia mikoroshoni, na aliyeivaa alipogeuka nikamchukia.

Mama alikaa eda yake akaimaliza. Seremala aliposikia kilio kimetoka Temeke hakuhitaji jibu jingine, alingoja. Ndoa ilifungwa kwetu, na pilau alipika bibi mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Asubuhi ya kuondoka mama aliamka akicheka peke yake. Nilimwona mzuri, na nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Alifunga nguo zake katika khanga, akazifunga na zangu, akanipaka mafuta, akaniambia Buguruni kuna embe tamu kuliko za Temeke. Nami, bila kutaka, nilikuwa nimeanza kuzitamani hizo embe.

Bibi alikuwa ameketi kizingitini. Hakusogea kutupisha.

"Vya mwanangu vyote nimevigawa," alimwambia mama. "Huyu niachie."

Nikamngoja mama aseme hapana. Aliniangalia, akamwangalia bibi. Kisha akapiga magoti, akafungua furushi, akaanza kuzitoa nguo zangu moja moja na kumwekea bibi mapajani.